Safari ya Waboomskraal: bonde ambako kampuni ya bia inalima hopsi zake yenyewe

Nimerudi Moshi wiki iliyopita, sasa nimekaa na daftari na picha za simu naandika kabla mambo hayajachanganyika kichwani. Wengi walioniona naondoka walijua naenda Joburg kufuata mzigo au Cape Town kutembea tu, kumbe naenda kuangalia shamba. Shamba la hopsi. Kwa asiyezijua, hopsi ni maua ya kijani yanayochemshwa pamoja na maji ya kimea wakati wa kupika bia, ndo yanayoleta ule uchungu na sehemu kubwa ya harufu, na pia yanasaidia bia isiharibike haraka. Shayiri ya bia hapa kwetu inalimwa, West Kilimanjaro, Monduli, Karatu, ila hopsi zinatoka nje. Nikawa nimesoma kwamba SAB, kampuni kubwa ya bia ya Afrika Kusini, wale wenye Castle Lager, wana mashamba yao wenyewe ya hopsi kwenye bonde linaitwa Waboomskraal, karibu na mji wa George, mkoa wa Western Cape, na kwamba wamehangaika na huo mmea tangu miaka ya 1930. Mimi kazi yangu ni pembejeo na mazao, nikikutana na habari ya zao lililolazimishwa kuishi mahali ambapo halikupaswa kuishi siwezi kulala. Mavuno yao yanaanza katikati ya Februari yanaingia Machi, nikakata tiketi ya Februari.

Jumamosi na Jumapili: Moshi, Dar, Johannesburg

Moshi hadi Dar sina la kusimulia, basi la alfajiri, tukala Korogwe, jioni tukashuka Mbezi.

Ndege ya Johannesburg Jumapili ni kama masaa matatu na nusu. Pasipoti yetu haihitaji viza kwa matembezi ya hadi siku 90, unagongewa muhuri pale pale uwanjani, ila dada wa uhamiaji aliuliza tiketi ya kurudi na unafikia wapi, kwa hiyo chapisha hivyo vitu kwenye karatasi usitegemee simu ambayo haina chaji. Kadi ya njano, ya chanjo ya homa ya manjano, mimi nilikua nayo na waliitazama. Saa zao ziko nyuma ya zetu kwa saa moja, kumbuka hilo ukipanga basi.

Toka uwanjani nilipanda Gautrain, treni safi sana na ya haraka, zaidi kidogo ya randi mia mbili ukijumlisha na ile kadi yenyewe. Randi moja nilibadilisha kwa kama shilingi 145. Nililala Yeoville kwa sababu niliambiwa kule ntasikia Kiswahili, na kweli, mtaa wa Rockey ukipita tu unasikia Kiswahili cha Kikongo cha kila aina. Nikaingia kwa mama mmoja wa Lubumbashi anauza bukari na sombe, yaani ugali na kisamvu, na samaki wa kukaanga, akaniuliza "Unatokaka wapi, papa?" nikamwambia Tanzania, Moshi, akacheka akasema basi leo utakula vizuri. Sahani randi 70, chai akakataa hela. Nilipomwambia kesho yake napanda basi Park Station akasema usiende peke yako na huo mkoba mgongoni, na kesho yake kweli akamtuma kijana wake anisindikize mpaka mlangoni kwenye mabasi. Nilitaka kumpa kijana nauli ya kurudia akakataa, akasema mama atamgombeza.

Jumatatu: Park Station na usiku wa barabarani

Basi la George nililipa randi 780, kama laki moja na kumi na tatu hivi za kwetu. Ukikata mapema kwenye mtandao ni nafuu, ukisubiri siku yenyewe inapanda. Safari ni ya usiku kucha na kipande kikubwa cha asubuhi, zaidi ya kilomita 1,100. Beba blanketi au koti zito, AC ya mabasi yao ni baridi ya kweli.

Karibu na Bloemfontein usiku wa manane mlango wa basi ukagoma kufunga, tukakaa kituo cha mafuta zaidi ya saa mbili wakati fundi anatafutwa. Sitaji kampuni, kila basi lina siku yake. Kilichonibakia ni mama mtu mzima wa Kixhosa aliyekaa siti ya pembeni, alikua anaenda kumuuguza dada yake, akafungua kopo lake la safari, kuku wa kuchemsha, mayai, mkate, akakata katikati akanisogezea bila kuuliza. Kiingereza chake kidogo na changu tukaelewana, akataka kujua huko kwetu kuna mlima wa barafu kweli au ni picha tu. Nikamuonyesha kwenye simu picha niliyopiga nyumbani, mlima asubuhi umetoka wazi bila wingu. Akaangalia muda mrefu halafu akaipitisha kwa abiria wengine.

Jumanne: Beaufort West, Meiringspoort, halafu hopsi kabla hata sijafika

Karoo kulipokucha ni nchi kavu tambarare, kondoo, vichaka, uzio, hivyo hivyo masaa. Beaufort West tukanywa kahawa na kula vetkoek yenye nyama ya kusaga ndani, ni andazi kubwa la chumvi, randi 35 na linashibisha mpaka mchana.

Baada ya hapo barabara ya N12 inaingia kwenye mpasuko wa milima ya Swartberg unaitwa Meiringspoort na hapo kila mtu aliyelala aliamka. Kuta za mwamba mwekundu zimekunjwa kunjwa pande zote mbili, na barabara inavuka mto ule ule mara 25, kila daraja limewekewa kibao cha jina. Ukipata siti ya dirishani usilale kipande hiki. Halafu De Rust, halafu Oudtshoorn kwa mbuni, mbuni kila upande.

Sasa kitu ambacho sikukitegemea ni kwamba N12 kutoka Oudtshoorn kwenda George inapita ndani ya bonde lenyewe. Nilikua nimejipanga kuziona hopsi kesho yake, kumbe dirishani naona nguzo, nguzo ndefu za mbao zimepangwa mistari, nyaya juu, na kutoka kwenye nyaya mpaka chini ukuta wa kijani, urefu wa nyumba ya ghorofa moja na nusu hivi, mstari baada ya mstari mpaka miguuni mwa mlima. Trekta linatembea katikati huoni dereva, unaona tu majani yanatikisika. Nikapiga picha nyingi mno, nusu yake ni kioo cha basi.

Baada ya bonde unapanda Outeniqua Pass, karibu mita 800 juu, halafu unashuka upande wa bahari na hali ya hewa inabadilika ndani ya dakika chache, nyuma kulikua jua, mbele ukungu na manyunyu. Hii barabara ilijengwa miaka ya vita vya pili na wafungwa wa Kiitaliano walifanya kazi hapo, ikafunguliwa 1951. George penyewe ni mji wa kijani, safi, mvua haina msimu maalum, inanyesha mwaka mzima. Chumba kwenye nyumba ya wageni randi 480 na chai ya asubuhi.

Kwa atakayekwenda: mabasi ya mjini yanaitwa GO GEORGE, ni mazuri na ya bei ndogo, ila kwenda bondeni ng'ambo ya mlima utahitaji gari ya mtu au ya kukodi. Na usijitokeze shambani hivi hivi. Ni sehemu ya kazi, wakati wa mavuno kuna mitambo na watu wako mbio, omba mapema kwa maandishi. Mimi nilisaidiwa na kijana wetu wa Iringa anayesoma misitu Saasveld, ile kampasi ya Nelson Mandela University iliyoko George, ndo alikua anajua nani wa kumuuliza.

Jumatano: ndani ya mistari

Kijana wa Iringa alikuja na gari aliyoazima kwa mwenzake saa kumi na mbili asubuhi, tukachangia mafuta. "Kaka leo vaa mikono mirefu," ndo salamu yake ya kwanza. Nikavaa shati la mikono mirefu na sikujua bado kwa nini.

Bonde lina mashamba ya kampuni na pia ya wakulima binafsi wanaoiuzia kampuni hiyo hiyo. Tulipokelewa kwenye moja, jina naliacha maana walitusaidia kwa hisani yao. Aliyetutembeza ni mzee anayeongea Kiafrikana, kazaliwa hapo hapo bondeni, kila mtu shambani hata wakubwa zake wanamwita Oom, yaani mjomba, na sisi tukamwita Oom.

Nianze na mmea wenyewe. Chini ni shina la kudumu, linaweza kuishi zaidi ya miaka ishirini ardhini. Kila baridi ikiisha linatoa machipukizi mengi sana, wafanyakazi wanachagua machache tu, mawili matatu kwa kila kamba, wanayazungushia kwenye kamba kwa mkono kufuata mwelekeo wa mshale wa saa. Ukizungusha kinyume linajifungua lenyewe na kuanguka. Mengine yote yanakatwa. Kuanzia hapo linapanda lenyewe, siku za joto Oom anasema linaongezeka urefu unaoonekana kwa macho kati ya asubuhi na jioni, mpaka lifike juu kwenye waya mita tano sita huko. Linapandaje? Halina vikono vya kushikia kama boga, lina vinywele vigumu vilivyopinda kwenye shina, vinashika kamba. Na vinashika ngozi pia. Nilipitisha kiganja kwenye shina moja taratibu, nikatoka na mistari myekundu, na hapo nikaelewa kwa nini kila mtu shambani kafunikwa mpaka kwenye vifundo vya mikono na joto lote lile.

Mimea yote shambani ni ya kike. Dume likionekana linang'olewa, kwa sababu ua likichavushwa linatia mbegu na mpikaji bia hataki mbegu.

Oom akachuma ua moja akanipa. Ni dogo, linakaa kwenye ncha za vidole, magamba mepesi ya kijani yamepandana, ukilibonyeza linakua karatasi karatasi. Akasema lipasue kwa urefu. Ndani, kwenye kitako cha kila gamba, kuna unga wa njano unaonata, njano kali ya binzari. Huo ndo mali. Uchungu wote na mafuta ya harufu viko kwenye huo unga, majani mengine yote ni kifungashio tu. Nikalisugua viganjani nikanusa, na niseme ukweli nilitegemea harufu ya bia nikapata harufu ya pasheni na pera. Oom akasema ndiyo, hiyo ni Southern Passion. Akanipeleka mistari ya pili, hiyo African Queen, harufu nyingine kabisa, tikiti na kitu chenye ukali kwa mbali. Ya tatu Southern Star, hiyo ni ya uchungu zaidi. Haya majina yote ni ya huku huku, hazikuletwa zikiwa tayari kutoka Ujerumani au Uingereza, zilizalishwa hapa na watafiti wa kampuni. Na sababu ya kuzalishwa ndo iliyonitoa Moshi.

Viganja vilinata mpaka jioni na sabuni haikutoa.

Bado Jumatano: habari ya mchana mfupi

Tulikaa chini ya mti wakati wa chakula, wafanyakazi wakatupa mkate na soseji za boerewors, Oom akaanza kueleza taratibu, kijana wa Iringa anatafsiri pale Kiafrikana kinapozidi.

Hopsi ni mmea wa nchi za mbali na ikweta. Kule Bavaria au Kent katikati ya kiangazi mchana unafika masaa kumi na sita na zaidi, mmea unatumia huo muda mrefu kupanda na kuchanua matawi, halafu mchana unapoanza kupungua ndo unapata ishara ya kutoa maua. George iko nyuzi 34 kusini, mchana mrefu kabisa wa Desemba ni masaa kumi na nne na nusu hivi. Sasa mmea wa Ulaya ukiuleta hapa unadhani msimu umeshaisha, unatoa maua mapema ukiwa bado mfupi, unavuna kiganja badala ya gunia. Kwa hiyo zamani walifunga taa shambani. Taa za umeme juu ya mistari, zinawashwa jioni kuongeza mchana, kuudanganya mmea kwamba bado ni kiangazi cha Ulaya. Oom anakumbuka enzi hizo utotoni, bonde zima linawaka usiku, anasema watu waliokua wanashuka kutoka mlimani kwa mara ya kwanza walidhani ni mji.

Lakini umeme ni gharama, na shamba linapanuka, huwezi kufunga taa bonde zima milele. Kazi ikahamia kwenye uzalishaji wa mbegu, kuchanganya, kupanda maelfu ya miche, kuangalia ipi inavumilia mchana mfupi, kutupa karibu yote, kubakisha michache, kuanza tena. Miaka inapita. Mpaka wakapata aina zinazokubali jua la hapa bila taa. Na katika kutafuta hilo tu, yaani mmea usiojali urefu wa mchana, wakapata pia harufu ambazo hazipo kwingine. Hakuna aliyekaa akasema tutafute harufu ya pasheni, imekuja njiani wanatafuta kitu kingine.

Mi hapo nilinyamaza kidogo. Sisi tumezoea kusikia zao fulani "halikubali" huku na mjadala unaishia hapo. Hawa waliambiwa hivyo hivyo. Kampuni yenye hela iliamua kukaa na mmea miongo kadhaa, na ndio, ni kampuni kubwa inajitafutia faida yake, lakini huo uvumilivu nauheshimu kutoka moyoni na natamani ningeuona kwenye vituo vyetu vya utafiti vikipewa muda na bajeti ya kiasi hicho.

Oom akaniuliza nyie kwenu pombe yenu mnaitia nini cha uchungu. Nikamweleza msesewe. Kwamba Uchagani, kwenye mbege yetu, ndizi zinachemshwa sana mpaka ziive na kuwa nyekundu, zinaachwa zichachuke, zinachujwa, unaongezwa uji wa ulezi uliooteshwa, na uchungu unatoka kwenye gome la mti wa msesewe, linakaushwa na kusagwa, na mpikaji mzuri anajulikana kwa kipimo chake cha msesewe, ukizidi hainyweki, ukipungua ni utamu mtupu. Akauliza mnaupanda kwa mistari? Nikasema hapana, uko kwenye mabonde ya mito na mashambani, na gome linabanduliwa kwenye mti ulio hai. Akatikisa kichwa akasema basi siku moja mtamaliza. Hilo neno nililiandika kwenye daftari nikalipigia mstari.

Alhamisi: mashine na tanuri

Siku ya kuvuna kwenyewe. Trekta linapita na watu juu ya jukwaa, mmoja chini anakata shina karibu na ardhi, wa juu anakata kwenye waya, mmea mzima na kamba yake unaangukia kwenye tela. Matela yanakimbizana kwenda bandani. Kule mmea unatundikwa kichwa chini kwenye ndoano zinazotembea, unaingia kwenye mashine yenye vidole vya waya, unapukuchuliwa, majani na vijiti vinapeperushwa kando, maua yanashuka kwenye mkanda na kina mama wamesimama pande zote wanatoa takataka iliyopita. Kelele hiyo, mnaongea kwa ishara. Wengi ni vibarua wa msimu, na wanajuana, wanarudi mwaka hadi mwaka.

Halafu tanuri. Hapa ndo muda ni kila kitu, kwa sababu ua bichi lina maji kama asilimia 75 hadi 80 na likikaa kwenye rundo masaa machache linajipasha joto na kuoza. Linamwagwa juu ya sakafu yenye matundu, hewa moto ya nyuzi kama 60 inapanda kutoka chini, mpaka maji yabaki karibu asilimia kumi. Moto ukizidi mafuta ya harufu yanaruka, ukipungua maua yanavundia kwenye gunia. Zinahitajika kilo nne mpaka tano za maua mabichi kupata kilo moja kavu. Msimamizi wa tanuri alikua dada mmoja kijana, hajalala vizuri tangu msimu uanze maana tanuri halizimwi usiku, alichukua ua akalivunja sikioni kwake akasikiliza ile kijiti cha katikati, kikikatika limeiva, kikipinda bado. Ana vipimo vya umeme ukutani na bado anasikiliza. Akanipa nami nijaribu, la kwanza likapinda, tukasubiri, baada ya kama nusu saa akanipa lingine likakatika. Akainua kidole gumba.

Zikitoka hapo zinapoa, zinashindiliwa kwenye marobota makubwa, baadae zinasagwa na kugandamizwa kuwa vidonge ndo vinaenda viwandani. Usipime umuhimu wa hopsi kwa uzito. Lita moja ya lager inataka shayiri ya karibu gramu 150 hadi 200 lakini hopsi gramu moja mbili tu. Kidogo hicho ndo kinatofautisha bia na maji matamu ya kimea.

Nikauliza kwa nini hizi hopsi zenye harufu ya ajabu hazijulikani sana duniani. Jibu lina historia. Zilianza kutafutwa na viwanda vidogo vya Marekani, halafu 2016 AB InBev ya Ubelgiji ikainunua SABMiller, kampuni mama ya SAB, na 2017 ikatangaza kwamba hopsi zote za Afrika Kusini zitabaki ndani ya kampuni kwa sababu mavuno hayakutosha. Wapikaji wadogo walilalamika sana. Ndo faida na ndo hatari ya mwenye kiwanda kuwa pia mwenye shamba, akiwa na uhaba hakuna mwingine anayepata. Kwa mkulima wa bondeni mnunuzi ni yule yule siku zote, bei ina uhakika lakini pa kukimbilia hapapo. Wakulima wetu wa shayiri wanaijua hiyo hali vizuri.

Ijumaa: mvua

Mvua siku nzima, nilifua, nikaandika. Nikapata kinyozi Mkongo wa Bukavu mtaani George, kunyoa randi 60, tukaongea Kiswahili masaa mawili, akanipikia chai, akanipa namba ya ndugu yake Cape Town endapo ntakwama. Jioni nikanywa Castle moja na kijana wa Iringa. Inapikwa na kwetu pia na nimeinywa miaka mingi, ila mara hii nilikua naitafuta ule uchungu wa mwisho ulimini, na kijana akaniuliza kaka mbona unakunja uso.

Jumamosi: N2 hadi Cape Town

Basi dogo randi 450, masaa karibu saba na vituo vyake. Mossel Bay, Riversdale, Swellendam. Kuanzia Swellendam ni vilima vya ngano na shayiri, Februari ni mabua makavu tu kwa sababu wanavuna Oktoba na Novemba, na Caledon unaona maghala ya kiwanda cha kimea cha kampuni ile ile, makubwa kweli. Kwa hiyo barabara moja inakuonyesha bia nzima, hopsi mlimani, shayiri vilimani, na mwisho kiwanda chenyewe Newlands chini ya Table Mountain, ambako bia imepikwa tangu miaka ya 1800. Ziara ya kiwanda nilifanya siku ya pili, weka nafasi mapema na vaa viatu vya kufunika vidole, mwenye ndala haruhusiwi. Kwenye chumba kimoja waliweka bakuli la vidonge vya hopsi kila mtu anuse, wengi walinusa wakapita. Mimi nilibaki pale mpaka yule dada mwongozaji akaniuliza kama niko sawa, nikamwambia nimetoka bondeni juzi, akaita wenzake wawili ili niwasimulie tanuri, kwa sababu wao wanapokea vidonge tu na bado hawajafika shambani.

Majibu ya mlioniuliza

Gharama yote, ndege, mabasi, malazi, chakula, ilikua kama milioni mbili na laki tatu, nusu ni ndege. Ukienda kwa basi tangu Dar kupitia Tunduma na Zambia utaokoa hela lakini utaongeza siku na mipaka.

Hapana, sikubeba miche wala vipandikizi. Mmea hai hauingizwi nchini bila kibali cha TPHPA, ile mamlaka yetu ya afya ya mimea na viuatilifu, na cheti cha afya ya mmea kutoka unakotoka, na aina za kule ni mali ya kampuni, huwezi kukata tu kipande ukaondoka nacho.

Na je hapa kwetu inawezekana? Baridi ya kulaza shina tunaweza kuipata Njombe, Kitulo, labda sehemu za Lushoto. Mchana ndo hatuna. Njombe mchana mrefu kabisa haufiki hata masaa kumi na tatu, Kilimanjaro ni kumi na mbili na kidogo mwaka mzima, tuko pabaya kuliko George ilivyokua mwanzo. Mwenye nia ya kujaribu aanze na robo eka, taa za LED ambazo siku hizi zinakula umeme kidogo, nguzo za mlingoti za mita sita, maji ya uhakika, na aina zenye uvumilivu wa mchana mfupi ambazo zinauzwa wazi kwa kufuata taratibu. Mwaka wa kwanza usitegemee kuvuna cha maana, shina linajenga mizizi. Mimi nguvu zangu naziweka kwanza kwenye miche ya msesewe, nimeshaongea na wapikaji wa mbege wanne wa Marangu na Mamba, wawili wamesema wanatoa ukingo wa mto kwenye vihamba vyao, na mvua za masika zikishika tunaanza kuchimba mashimo.